Naomba ushauri: safari fupi ya Rocky Mountain mwezi wa sita na familia

Baba_Nuru: Wakuu, heshima kwenu. Tunaishi Ohio. Katikati ya Juni tunaenda Colorado, hifadhi ya Rocky Mountain, siku chache tu. Nasikia juu bado kuna theluji. Tubebe makoti ya aina gani, na ile barabara ya Trail Ridge itakuwa imefunguliwa? Naombeni msinipite, usingizi haupatikani.

Mzee_wa_Safari: Kwa kawaida hufunguliwa mwishoni mwa Mei, ila theluji ikishuka hata Juni wanaifunga kwa muda. Juu kabisa ni mita 3,713. Amkeni alfajiri, mchana radi zinapiga na kule hakuna hata mti. Kibali cha saa ya kuingia kiombeni mapema. Mimi ujanani nilipanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, pale Kibo nikatapika hadi nyongo...

Dada_Rehema: Hela za kutalii ugenini zipo, za kumtumia mama dawa hazipo. Nasema tu.

Nesi_wa_Zamu: Baba Nuru, makoti hayamkoseshi mtu usingizi. Unaenda na nani?

Baba_Nuru: Mke wangu na binti yetu wa miaka 9. Ana sikoseli. Lakini yuko vizuri, dawa yake ya hidroksiyurea anameza kila siku, hajalazwa muda mrefu. Hoteli nimeshalipia na hela hairudi. Halafu hatupandi kwa miguu, tutakuwa ndani ya gari.

Nesi_wa_Zamu: Gari haliongezi oksijeni. Oksijeni ikipungua kwenye damu, chembe nyekundu zinajikunja na kuziba mishipa midogo. Baridi na upungufu wa maji vinazidisha. Bandama nayo huweza kuumia. Imewahi kuwapata huko juu hata watu waliorithi sikoseli kwa mzazi mmoja tu. Na Estes Park, mji wa kulala wageni, wenyewe uko zaidi ya mita 2,200.

Mbishi_Halisi: Chai hii. Mzazi wa mtoto wa sikoseli, yuko Marekani, kliniki anayo, anakuja kuuliza makoti humu?

Mzee_wa_Safari: Hata mimi nimeanza kushtuka.

Baba_Nuru: Nitunge ili nipate nini? Magoti yakimuuma usiku namkanda kwa kitambaa cha uvuguvugu, namnywesha maji kidogo kidogo mpaka alale. Kliniki sijauliza kwa sababu jibu lao nalijua. Mtoto kabandika kwenye friji picha ya elki, wale kulungu wakubwa, chini kaandika tarehe ya safari.

Dada_Rehema: Pole ndugu yangu. Mdogo wangu alikuwa nao ugonjwa huo. Piga simu kliniki.

Mama_Kiziwanda: Nendeni Great Smoky Mountains, Tennessee, mnafika kwa gari. Bonde la Cades Cove liko chini ya mita 700. Elki wapo upande wa Carolina Kaskazini, walirudishwa mwaka 2001. Na mwanzoni mwa Juni vimulimuli wa Elkmont huwaka na kuzima kwa pamoja, ila nafasi za kwenda kuwaona hutolewa kwa bahati nasibu.

Baba_Nuru: Kliniki nitapiga Jumatatu. Ila tukiiacha ile barabara, tukaishia ziwani Bear Lake nusu saa tu?

Nesi_wa_Zamu: Bear Lake ni zaidi ya mita 2,800. Hapana, Baba Nuru.