Naomba ushauri: mzee anayelala nje ana kidonda kibaya, hataki hospitali

Habari zenu ndugu zangu. Kuna mzee analala barazani karibu na kazini kwangu, huwa tunasalimiana kila asubuhi. Ana kidonda mguuni, sasa kinatoa harufu na uvimbe unapanda kuelekea goti. Nimempa maji safi na bandeji, nikajitolea kumpeleka hospitali, amekataa. Anasema mara ya mwisho alirudishwa mapokezi kwa kukosa kitambulisho, na akiondoka blanketi zake huibiwa. Namwelewa kabisa, na sitaki kumlazimisha mtu mzima mwenye akili timamu. Ila maambukizi yakiingia kwenye damu yanaua.

Mliowahi kumsaidia mtu wa hali hii, mlimshawishije? Na nianzie kwa nani ili mhudumu wa afya amfuate hapo hapo alipo?