Tupeane uzoefu: hali ya hewa ilivyokunyoosha na bustani yako, Mtwara na Lindi

MwanaShangani
Wakuu salaam. Upepo wa kusi usiku wa kuamkia leo umenilaza mipapai miwili na uzio wa makuti upande mzima. Najua siko peke yangu. Wenye bustani za uwani, wenye mashamba, hata wenye ndoo za mchicha barazani, leteni visa. Mvua, jua, upepo, chochote. Sisi wa karibu na bahari tuna na la ziada, chumvi. Majani ya maharage yanaungua kingo, yanakunjamana, na maji umemwagilia.

Kidukuu
Kusi wa mwezi wa saba hana adabu. Nakazia.

Fundi_Chikongola
Kuna bosi mmoja alihamia ofisini kwetu kutoka Tanga. Kwao kuna vuli na masika, akaja na kalenda hiyo kichwani. Mwezi wa kumi kalima uwa mzima, kamwaga mahindi na kunde, anasubiri vuli. Jirani yake, mama mtu mzima, akawa anapita kila asubuhi anaangalia, hasemi. Siku moja akashindwa: "Baba, hawa njiwa unawafuga au wanakuja wenyewe?" Mvua ya maana imekuja Desemba, mbegu zimeshaliwa zote.

Mama Sabra
😂😂 Wageni wengi wanaliwa hapo. Huku kusini mvua ni msimu mmoja tu, Novemba mwishoni au Desemba mpaka Aprili, basi. Na usidanganyike ikishaanza, Februari inaweza kukata mahindi yakiwa ndiyo yanatoa mbelewele. Ndiyo maana wazee hawaachi muhogo na mbaazi. Mbaazi haijali.

Tandahimba Damu
Nyie mnalia na mchicha. Mimi nililia na korosho. Mwaka ule mikorosho imetoa maua mpaka raha, Juni yote nahesabu hela kichwani. Julai ukaanza ukungu wa asubuhi, baridi, mawingu, jua linatoka saa nne. Ubwiriunga, ule ugonjwa wa kuvu, ukaingia. Unaona ua leo limepakwa unga mweupe, keshokutwa jeusi, limekauka, ukiligusa linadondoka. Salfa, dawa yake, nilikuwa nasubiri ya kupewa, ikachelewa. Zile chache zilizoponea zikaangukia mvua ya Oktoba, zikalala kwenye unyevu, ganda likatoka madoa. Kufika ghalani, daraja la pili. Mke wangu hakunisemesha siku nzima, na ada za watoto zilikuwa zinasubiri hapo.

Kidukuu
Pole mkuu.

Bustani_Naliendele
Mkuu wa Tandahimba pole, ila ngoja niseme. Nyie wa salfa ndiyo mnaotuua sisi wa mboga. Jirani yangu anawasha bomba saa tatu asubuhi, upepo umeshaamka, unga wote unahamia kwenye matembele yangu. Watoto macho mekundu, wanakohoa.

Tandahimba Damu
Usinichanganye na jirani yako. Salfa ya unga inapigwa alfajiri, umande upo, upepo umelala, ndiyo inashika kwenye maua. Ya saa tatu anapulizia hewa. Anapoteza hela yake.

Bustani_Naliendele
Nenda kamwambie yeye, mimi hanisikii.

Mzee wa Rasbura
Mwambieni mjumbe, acheni kugombana humu.

Dada Matenga
Nimesoma hapo juu nimekumbuka kimbunga Hidaya, Mei 2024. Wacha nimwage.

Nilikuwa natoka Dar na fuso, nyanya zangu matenga kwa matenga, nazileta Mtwara. Mvua inanyesha njia nzima. Tunaingia Kilwa tunakuta foleni, magari yamezima, watu wamekaa kwenye lami. Mbele, maeneo ya Somanga, barabara imekatwa na maji. Dereva akasema tulale, kesho watapitisha. Kesho hawakupitisha. Nyanya hazijui habari ya kimbunga, zinaendelea kuiva. Nikaona maji yanachuruzika chini ya tenga la chini kabisa, mekundu, yanateremka kwenye tairi, nzi wamejaa. Nikaanza kuuza palepale, bei ya kutupa, kisha nikawa nagawa tu. Watu wanakula nyanya mbichi na chumvi, wengine wanapika rosti kwenye mafiga pembeni ya lami.

Nyuma yetu kulikuwa na basi. Ndani yake bibi mmoja anakwenda Lindi kwenye arobaini, ana jogoo kwenye kikapu. Jogoo anawika kila alfajiri, basi zima linamtukana. Njaa ilipokolea matusi yakaisha, watu wakaanza kumwangalia kwa upendo. Konda akamfuata bibi na hela mkononi. Bibi akamwambia: "Mjukuu wangu, huyu si wangu, nimetumwa." Konda akapandisha dau. Bibi akakivuta kikapu chini ya miguu, akakifunika na kanga.

Mimi nilifika Mtwara na matenga matupu. Sokoni nyanya haishikiki kwa bei, na waliokuwa na mashina yao uwani wanauza kwa madaha. Tangu hapo napanda zangu, natia kitaluni mwisho wa masika, naziotesha kipindi hiki cha baridi.

Fundi_Chikongola
Jogoo aliliwa?

Mama Sabra
Dada usituache hapo. Jogoo??

Bosi Mikindani
Si mngezunguka Songea, mshuke Masasi?

Dada Matenga
Bosi, fuso limejaa, mafuta ya kuzunguka ungenipa wewe? Kuhusu jogoo, njia ilipoanza kupitika kwa miguu, vijana walimvusha bibi, kikapu kichwani kwake. Upande wa pili akapanda gari jingine. Zaidi ya hapo sijui.

Kidukuu
Aliliwa kwenye arobaini huyo.

Bosi Mikindani
Hivi vimbunga tunatishwa tu. Kenneth 2019 tuliambiwa tuhame, shule zikafungwa, mimi nikavuna mapapai yote mabichi na kung'oa muhogo. Asubuhi manyunyu. Tumekula mchuzi wa papai bichi mpaka watoto wakaandamana.

Mzee wa Rasbura
Hukutishwa, uliepushwa. Kenneth ilipinda ikaingia Cabo Delgado, hapo tu ng'ambo ya Ruvuma. Waulize wenye ndugu upande ule. Na Lindi tufani iliingia 1952, ikaua watu. Marehemu mama alikuwa akisikia upepo wa Aprili anaingiza watoto ndani. Wewe shukuru kwa mapapai yako.

Bosi Mikindani
Sawa mzee, nimekusikia.

Newala_Juu
Ninyi mnapigana na maji, sisi huku juu hatuyaoni. Uwanda wa Makonde mchanga unameza mvua yote, mito iko bondeni huko chini. Weka mabati na mfereji, chimba kisima cha kuvunia maji ya paa, sakafia kwa saruji. Maji ya masika ndiyo yanamwagilia mchicha wangu sasa hivi.

Mama Sabra
MwanaShangani, weka matandazo. Nyasi kavu juu ya tuta, mchanga wetu unakauka kabla hujarudisha ndoo.

Bustani_Naliendele
Weka matandazo ukaribishe mchwa. Weka samadi ya mbuzi iliyooza, inatosha.

Mama Sabra
Mchwa wako labda. Wangu miaka yote hawajaja.

Tandahimba Damu
Uzio wa makuti kwa upepo wa bahari ni kutafuta lawama. Panda minyaa, haing'oki.

Fundi_Chikongola
Utomvu wa minyaa ukimwingia mtoto jichoni utamtafuta huyu jamaa. Panda michongoma.

Kidukuu
Hama Shangani.

Dada Matenga
Jamani, nyanya zangu zina mdudu kanitangaze, majani yamechorwachorwa njia nyeupe. Mnapiga nini?

Mzee wa Rasbura
Chuma majani yenye michoro na matunda yaliyotobolewa, fukia shimo la kina au choma. Halafu ponda majani ya mwarobaini, loweka kwenye maji, chuja, nyunyiza jioni.

Bustani_Naliendele
Mwarobaini peke yake hautoshi. Ng'oa zote, panda bamia hapo msimu huu, kanitangaze hapendi bamia.

Dada Matenga
Bamia sokoni mia mbili fungu. Ning'oe nyanya?

Kidukuu
Ng'oa. Ila niachie za rosti kwanza, napita jioni.