Zamu ya usiku wauguzi wawili, vitanda 30: tujipange vipi dhidi ya kupigwa wodini?

Sista_Wodi4

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada wa wauguzi wafawidhi na wale wanaoshughulikia usalama mahali pa kazi.

Nimepewa jukumu la kuandika mpango wa usalama wa wodi ya wanaume, magonjwa ya ndani, vitanda 30. Usiku wanabaki wauguzi wawili na mhudumu mmoja. Mlinzi anakaa getini, na mpaka afike wodini ni dakika 4 akitembea haraka. Meza ya wauguzi imesukumwa kwenye kona ya ndani kabisa, na mlango uko upande wa pili. Kengele hakuna, kamera hakuna, na fedha ya kununua vitu hivyo mwaka huu haipo.

Nataka kujua mambo matatu. Mgonjwa anayeelekea kupiga mtu tumtambueje mapema? Meza, milango na vifaa vikae vipi? Na mtu akishaanza kurusha ngumi, watu watatu wafanye nini mpaka mlinzi afike? Tafadhali msiniandikie "muwe wavumilivu". Uvumilivu upo wa kutosha.

Mfawidhi_Mkongwe

Sista, anza na hiyo meza, maana kuisogeza hakugharimu kitu. Muuguzi aliyekaa kona huku mtu mwenye hasira amesimama mbele yake hana pa kupita. Isogezeni mpaka aliyekaa aweze kufika mlangoni bila kupita karibu na aliyesimama. Chumba cha kuzungumzia na ndugu nacho ni hivyo hivyo: kiti cha muuguzi kiwe karibu na mlango. Ila kisizibe mlango, kwa sababu mtu anayehisi amefungiwa hupigana ili atoke.

Kisha zunguka wodini ukijiuliza: mtu akitaka kuokota kitu hapa, ataokota nini? Utakuta stendi ya dripu isiyo na kazi imeegemezwa ukutani, mkasi umelala kwenye trei ya vidonda, chupa ya glasi juu ya kabati, kiti chepesi cha chuma. Stendi zisizotumika zifungiwe stoo. Trei ya vidonda irudi chumba cha matibabu kila kidonda kinapokwisha kufungwa, hata kama kingine kinasubiri baada ya nusu saa.

Chumba cha dawa ndicho kimbilio lenu. Kitasa kifungike kwa ndani bila kuhitaji ufunguo, na muuguzi kiongozi wa zamu awe na ufunguo wa kufungulia kwa nje. Simu iwe humo ndani. Namba ya getini, ya daktari wa zamu na ya msimamizi wa usiku ziandikwe ukutani kwa herufi kubwa, kwa sababu mikono ikishaanza kutetemeka hata namba unayoijua miaka yote inapotea kichwani.

Mwilini: stethoskopu mfukoni, isining'inie shingoni. Kamba ya kitambulisho iwe ya aina inayoachia ikivutwa. Kama hakuna, tumieni pini. Nywele zifungwe juu. Mkasi na kalamu visikae mfuko wa kifuani, ambako mtu aliye mbele yako anavifikia kabla yako.

Badala ya kengele, kila mtu awe na filimbi mfukoni. Pia mpatane neno. Muuguzi akimwambia mwenzake kwa sauti ya kawaida "niletee lile faili la kijani", na wodini hakuna faili la kijani, mwenzake anajua: nenda kapige simu getini sasa hivi. Hii inasaidia kwa sababu kumtaja mlinzi mbele ya mtu aliyepandwa na hasira mara nyingi ndiko kunakomwasha. Lifanyieni zoezi mara moja kwa mwezi, na saa ya mkononi ihesabu dakika ambazo mlinzi anatumia. Hizo 4 ni za kukadiria mpaka mzipime.

Swali lako la tatu. Watu watatu hawatoshi kumshika mtu mzima anayepigana. Kumshika kwa usalama kunahitaji watu watano: mmoja kila mkono, mmoja kila mguu, na wa tano kichwani, ambaye anazungumza naye na kuangalia pumzi yake. Mkiwa pungufu, msimshike. Mmoja apige filimbi na simu, wa pili awatoe wagonjwa wanaoweza kutembea, wa tatu asimame mlangoni ambapo anamwona mgonjwa na bado anaweza kutoka. Mtu akishashikwa, asilazwe kifudifudi, na asiwepo wa kumwekea goti kifuani, mgongoni au shingoni. Watu wamekufa kwa kukosa pumzi namna hiyo, huku walioshika wakidhani ametulia.

ZamuKwaZamu

Naongezea la kutambua mapema. Kuna orodha fupi iitwayo Brøset, ilitengenezwa Norwe kwa ajili ya wodi za magonjwa ya akili, ila inafaa kwa wodi za kawaida pia. Inaangalia mambo sita: amechanganyikiwa, anakasirika upesi, ana makelele na fujo, anatisha kwa maneno, anatisha kwa ishara za mwili, anashambulia vitu. Kila kimoja kikiwepo ni alama 1, kisipokuwepo ni 0. Jumla 0, hatari ni ndogo. Alama 1 au 2, hatari ya wastani, mnachukua hatua za kumtuliza mapema. Alama 3 na kuendelea, hatari ni kubwa ndani ya saa 24 zijazo, na mpango wa kumdhibiti uwe tayari. Kujaza hakuzidi dakika chache. Jazeni wakati wa kukabidhiana zamu, na alama itajwe kwa sauti pamoja na ripoti ya mgonjwa, isibaki ndani ya faili.

Sasa, alama ikipanda, kabla ya kuita walinzi jiulizeni mwili wake unasema nini. Kwenye wodi ya magonjwa ya ndani wengi wanaopigana ni wagonjwa hasa, hawana ubaya na mtu. Pima sukari ya damu, kwa sababu iliyoshuka humfanya mtu mpole awe mkali ndani ya dakika chache. Pima oksijeni. Papasa tumbo la chini: kibofu kilichojaa kwa mtu asiyeweza kujieleza, au katheta (mrija wa kutoa mkojo) iliyoziba, ni maumivu makali sana, naye anampiga aliye karibu. Uliza pombe. Kutetemeka kwa aliyeacha pombe ghafla huanza saa 6 hadi 24 tangu kinywaji cha mwisho, na kuweweseka kule kukali huja kati ya siku ya 2 na ya 4. Maana yake aliyelazwa Ijumaa akiwa mtulivu kabisa anaweza kuwageukia Jumapili usiku. Historia ya pombe iandikwe siku ya kupokelewa, na kwa vipimo, siyo "anakunywa kidogo".

Sista_Wodi4

Asanteni sana. Swali: mzee mwenye ugonjwa wa kusahau, ambaye amechanganyikiwa kila siku, naye anapata alama 1 kila zamu? Na ndugu wa mgonjwa je, maana hao hawana faili.

ZamuKwaZamu

Huyo mzee hesabu mabadiliko tu. Kama kuchanganyikiwa ndiyo hali yake ya kila siku, andika 0. Kukizidi kuliko kawaida yake, andika 1.

Ndugu: kinachowalipua zaidi ni kutojua kinachoendelea. Mtu mmoja kwenye zamu atajwe kuwa ndiye wa kuzungumza nao, na awarudie kila baada ya nusu saa hata kama jibu ni "bado tunasubiri majibu ya maabara". Wao nao wachague msemaji mmoja. Taarifa ya msiba itolewe na watu wawili, ndani ya chumba, watu wakiwa wamekaa, na mlinzi awe karibu na wodi kabla ya taarifa kutolewa. Ukizungumza na anayefoka, kaa umbali wa mikono miwili, simama upande kidogo badala ya kumkabili kifua kwa kifua, viganja wazi usawa wa kiuno. Sentensi fupi. Usimguse bega ili kumtuliza, hata kama umezoea kufanya hivyo kwa watu wengine.

Kinga_Saa72

Mnasahau jambo linaloambatana na hili: sindano. Mgonjwa anapigana, daktari anaagiza dawa ya kumtuliza, muuguzi anakwenda na bomba mkononi. Mkono unatikiswa, sindano inamchoma muuguzi au mwenzake aliyeshika mguu. Basi hakuna anayesogea na sindano wazi mpaka aliye kichwani aseme "tayari". Dawa ivutwe mbali na kitanda, ije kwenye trei ikiwa na kifuniko, na boksi la usalama liletwe mpaka kitandani, mahali mkono unapofika bila kupiga hatua. Ukishachoma, sindano inaingia boksini moja kwa moja na bomba lake. Kurudisha kifuniko kwa mikono miwili ni marufuku. Boksi likifika robo tatu lifungwe. Likijaa hadi mdomoni, sindano za juu huchungulia na kumchoma anayesukumia ya kwake.

Aliyechomwa aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka. Asikamue, asinyonye, asitie klorini. Ngozi inaumia zaidi na hakuna faida. Damu ikiingia jichoni, suuza kwa maji safi au ya chumvi kwa dakika 15. Kung'atwa hadi ngozi ikatoboka nako ni tukio la kuripoti.

Kwa sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU, hatari ni kama watu 3 kwa kila 1,000 wanaochomwa. Homa ya ini B ni jambo jingine kabisa: kwa asiyechanjwa ni kati ya 6 na 30 kwa kila 100. Kwa hiyo chanjo kwanza, dozi tatu: mwanzo, baada ya mwezi 1, na mwezi wa 6. Mwezi 1 hadi 2 baada ya dozi ya mwisho pimeni kinga. Ikiwa chini ya 10 mIU/mL (kipimo cha wingi wa kinga kwenye damu), mtu huyo bado hajakingwa na anahitaji kurudiwa. Mhudumu naye achanjwe, na anayebeba taka pia. Hao ndio wanaosahaulika.

Dawa za kinga ya VVU, PEP, zianze ndani ya saa za mwanzo, na mwisho kabisa ni saa 72. Ni siku 28 kamili, kwa kawaida tenofovir na lamivudini pamoja na dolutegraviri. Sasa mtego wa usiku: duka la dawa limefungwa, mtu anaambiwa asubiri asubuhi, asubuhi anaambiwa asubiri mganga. Wekeni dozi za kuanzia ndani ya wodi, za siku 3 zinatosha kuvuka hata mwisho wa wiki.

Mfawidhi_Mkongwe

Naunga mkono. Na kila tukio liandikwe, hata tusi na kurushiwa sahani kusikoumiza. Saa, kitanda, alama ya Brøset kabla ya tukio, wafanyakazi waliokuwepo, dakika za mlinzi kufika. Miezi mitatu ya kumbukumbu hizo itakuonyesha saa na mahali, na ndiyo utakayoweka mezani ukiomba muuguzi wa tatu wa zamu. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya asilimia 8 na 38 ya wahudumu wa afya hupigwa wakati fulani katika maisha ya kazi, lakini uongozi wako utasikiliza zaidi namba za wodi yako.

Angalia pia kama nchi yenu imeridhia Mkataba Na. 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 2019, ulioanza kutumika 25 Juni 2021. Unagusa hata ukatili unaotoka kwa watu wa nje ya ajira, na unatambua haki ya mfanyakazi kujitoa kwenye hatari kubwa iliyo mbele yake bila kuadhibiwa. Itaje kwenye mpango wako, kwenye aya ya "mkiwa pungufu, msimshike", ili asubuhi asije mtu kumuuliza muuguzi kwa nini alikimbia.

Sista_Wodi4

Nimenakili yote. La mwisho: ufunguo wa kabati la PEP usiku ukae kwa nani?

Kinga_Saa72

Kwa muuguzi kiongozi wa zamu, kwenye tita moja na funguo za dawa zinazodhibitiwa. Dozi zihesabiwe na kusainiwa kwenye daftari la makabidhiano kila zamu, na tarehe ya kuisha muda iandikwe nje ya kopo kwa kalamu ya wino mzito.