Acheni kuwashauri watu wafute seva kisa imegotea kwenye dracut au initramfs

Wakuu, hili limezidi sasa.

Mtu anakuja na picha ya skrini nyeusi, chini kuna dracut:/# (mstari wa amri za dharura wa dracut, programu inayotengeneza initramfs) na juu yake onyo kwamba /dev/mapper/rhel-root haipo. Jibu la kwanza analopewa ni "piga upya", yaani futa usakinishe mfumo upya. La pili ni baya zaidi: "endesha vgreduce --removemissing --force". Hakuna aliyemuuliza kama diski inaonekana. Hakuna aliyemwomba matokeo ya amri hata moja. Halafu mtu wa watu anafuta data nzima ambayo haikuwa na kasoro yoyote.

Tuelewane kwanza huo ujumbe unasema nini. Initramfs ni mfumo mdogo wa faili unaopakiwa kwenye RAM. Kazi yake ni kupakia draiva ya diski, kuamsha LVM (mfumo wa Linux wa kugawa nafasi za diski), kupata root (sehemu yenye mfumo mkuu), kisha kuukabidhi mfumo wenyewe. Ukigotea hapo maana yake kerneli imewaka, initramfs imepakiwa, ila njia ya kufikia root imekatika mahali. Kukatika kwa njia si kufa kwa diski!

Na hiyo vgreduce mnayoigawa kama njugu, mnajua inafanya nini? Chukua VG (kundi la diski) yenye PV (diski au kizigeu kilichomo kwenye LVM) mbili, moja iko kwenye kontrola ambayo draiva yake haimo ndani ya initramfs. LVM itaripoti PV hiyo imepotea, ingawa diski ni nzima na imechomekwa. Ukiweka --removemissing pamoja na --force, kila LV (sehemu iliyokatwa kutoka kwenye VG) yenye kipande kwenye PV hiyo inaondolewa. Yaani tatizo lilikuwa draiva ya kilobaiti chache, wewe umemfutia mtu hifadhidata.

Kabla ya kushauri chochote, mwambie aandike hizi na alete picha:

cat /proc/cmdline
blkid
lvm pvs
lvm lvs

Kama blkid haionyeshi diski kabisa, hapo tatizo liko chini ya LVM. Kwenye RHEL (Linux ya Red Hat) na ndugu zake dracut hutengeneza initramfs ya mashine hiyo tu, ikiweka draiva za vifaa ilivyovikuta. Ukihamisha mashine pepe kutoka VMware yenye vmw_pvscsi kwenda KVM yenye virtio, draiva mpya haimo. Chagua kerneli ya rescue kwenye menyu ya GRUB (programu inayowasha kerneli), maana initramfs yake imebeba draiva nyingi bila kujali mashine. Ikiwaka, endesha dracut -f --regenerate-all. Unayejiandaa kuhama, weka faili ndani ya /etc/dracut.conf.d/ lenye mstari huu kisha utengeneze upya kabla ya kuhama:

add_drivers+=" virtio_blk virtio_scsi "

Zile nafasi ndani ya alama za nukuu ni za lazima. Bila hizo majina hugandana na mengine, na draiva haiingii.

Kama blkid inaonyesha LVM2_member lakini lvm pvs ni tupu, kwenye RHEL 9 angalia /etc/lvm/devices/system.devices. Toleo hilo hutumia orodha ya vifaa vinavyoruhusiwa, na diski ikibadilisha kitambulisho baada ya kunakiliwa au kuhamishwa, LVM inaipuuza. Jaribu:

lvm vgchange --devicesfile "" -ay
exit

Mfumo ukiwaka, endesha vgimportdevices -a, halafu dracut -f. Basi. Hapo kuna mtu angeshaanza kutafuta fleshi ya kusakinishia.

Sasa kosa ambalo linarudi kila siku, na linaniudhi kuliko yote kwa sababu linasababishwa na maelekezo nusunusu: kufuta LV ya swap (nafasi ya diski inayosaidia RAM) ili kuongeza root. Mnamwambia mtu swapoff, lvremove, lvextend -r, mnamwacha hapo. Hamumwambii kwamba mstari wa kerneli bado una rd.lvm.lv=rhel/swap na resume=/dev/mapper/rhel-swap. Akiwasha upya, dracut inasubiri swap ambayo haipo, dakika zinapita, inamtupa kwenye dracut. Root iko salama kabisa! Tiba: kwenye GRUB bonyeza e, futa maneno hayo mawili kwenye mstari wa linux, bonyeza Ctrl na x. Ikiwaka:

grubby --update-kernel=ALL --remove-args="rd.lvm.lv=rhel/swap resume=/dev/mapper/rhel-swap"

Kisha yaondoe pia kwenye /etc/default/grub, ondoa mstari wa swap kwenye /etc/fstab, na utengeneze initramfs upya. Ukiacha sehemu moja, kuna siku tatizo litarudi. Kubadilisha jina la VG kwa vgrename kunaleta balaa lilelile, kwa sababu jina la zamani linabaki kwenye sehemu hizohizo. Na mjue kusoma majina: kistari kilichomo kwenye jina hurudiwa mara mbili ndani ya /dev/mapper. VG inayoitwa ubuntu-vg yenye LV ubuntu-lv inakuwa ubuntu--vg-ubuntu--lv. Hilo si kosa la kuandika, msiwaambie watu "walirekebishe".

Upande wa Debian na Ubuntu, ukiandika lvm ukaambiwa haipatikani, initramfs imetengenezwa bila LVM ndani. Mara nyingi kifurushi cha lvm2 hakimo kwenye mfumo. Hapo ndipo mnapowaelekeza watu kwenye chroot (kuingia kwenye mfumo ulio kwenye diski ukiwa umewasha kwa fleshi), na mnaielekeza vibaya. Ukiwa kwenye fleshi ya kuwashia:

vgchange -ay
mount /dev/mapper/ubuntu--vg-ubuntu--lv /mnt
mount /dev/sda2 /mnt/boot
for d in dev proc sys run; do mount --rbind /$d /mnt/$d; done
chroot /mnt

Badilisha sda2 iwe kizigeu chenye /boot kwa mtu huyo. Mstari huo ndio mnaousahau. Bila huo, initramfs mpya inaandikwa kwenye folda tupu ya /boot iliyo ndani ya root, GRUB inaendelea kusoma ile mbovu, na mtu anarudi kulalamika "nimefanya kila kitu". Halafu: apt install lvm2, update-initramfs -u -k all. Hakikisha kwa lsinitramfs /boot/initrd.img-toleo | grep sbin/lvm. Kwa dracut msiandike dracut -f peke yake ndani ya chroot, kwani inachukua toleo la kerneli ya fleshi wala si la diski. Tumia --regenerate-all.

Panic (kerneli kusimama kabisa) yenye unknown-block(0,0) ni kitu kingine. Kerneli haikupata initramfs inayofaa, na sababu ya kawaida ni /boot kujaa katikati ya sasisho. Washa kerneli ya zamani, angalia df -h /boot, ondoa kerneli zisizotumika, dpkg --configure -a, kisha update-initramfs.

Na kama kweli PV imeharibika, bado usifute. Maelezo ya LVM, yaani ramani ya LV zilipo, ni maandishi ya kawaida, na kwa kawaida yako ndani ya MiB 1 ya mwanzo ya PV. Yanakili kwanza:

dd if=/dev/sda3 of=/media/fleshi/pv.bin bs=1M count=1

Nakala nyingine ziko /etc/lvm/backup na /etc/lvm/archive, lakini folda hizo zimo ndani ya LV ileile unayojaribu kuiokoa. Zihamishie kwenye mashine nyingine leo, zina ukubwa wa kilobaiti chache tu. Ukiwa nazo, pvcreate yenye --uuid na --restorefile, ikifuatiwa na vgcfgrestore, hurudisha ramani bila kugusa data. Pvcreate tupu bila hivyo viwili ndiyo inayoandika juu ya ramani, na nimeona ikishauriwa humu mara nyingi mno.

NYONGEZA: kwa wenye diski iliyosimbwa kwa LUKS, unapoifungua kutoka kwenye fleshi tumia jina lilelile lililo kwenye /etc/crypttab. Ikiwa humo imeandikwa sda3_crypt, andika cryptsetup open /dev/sda3 sda3_crypt. Ukiipa jina lingine, update-initramfs haitaitambua root, na ukiwasha, mashine itagotea bila hata kukuuliza nenosiri.