Naomba ushauri: bendi inapishana mdundo ikitanuka uwanjani

Wakuu, salaam. Naomba msaada kwa wanaojua bendi za gwaride za vyuo vya Marekani, zile za mechi za futiboli ya Kimarekani.

Jukwaani kwa watazamaji hatuna shida: vipande vifupi mchezo unaposimama, kisha kimya timu yetu inapojiandaa na mpira, wachezaji wasikie maelekezo. Balaa ni onyesho la mapumziko. Umbo la pili tunalojipanga uwanjani linatanuka kutoka yadi 20 hadi yadi 20 ya upande wa pili, kama mita 55. Sauti huchukua takriban sekunde 0.16 kuvuka hapo, na kwa mapigo 160 kwa dakika hiyo ni karibu nusu ya pigo. Jukwaani inasikika kama bendi mbili!

Tumeshaweka ngoma na susafoni (tuba kubwa za kuvaa mwilini) nyuma katikati. Ngoma zinafuata mkono wa mwongozaji, walio mbele ya ngoma wanafuata sauti inayotoka nyuma. Katikati pametulia. Tarumbeta za pembeni ndizo tatizo: wakifuata sikio wanachelewa, wakifuata mkono mwangwi wa uwanja uliojaa unawavuta. Metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo kwa sauti) ya mazoezini inawaponya, lakini siku ya mechi haipo.

Maswali mawili:
1. Hao wa pembeni wafuate mkono tu, hata wakijisikia wanawahi?
2. Nikishusha kasi hadi 144, hatua zikibaki 8 kwa yadi 5, itasaidia, au nibane umbo lenyewe?