Naomba ushauri: mama anapaka jeli ya diklofenaki magotini na kufunga nailoni, sasa miguu imeanza kuvimba

Mwana wa Usambara

Habari za jioni wakuu, na wakubwa zangu shikamooni.

Nipo Lushoto, nimekuja kumwona mama. Ana miaka 66 na magoti yanamsumbua tangu mwaka juzi. Hospitali walimpiga picha wakasema yamesagika, gegedu limeisha. Kutoka nyumbani hadi barabarani ni mteremko mtupu, na kushuka ndiko kunakomtesa kuliko kupanda. Daktari alimwandikia jeli ya diklofenaki ya asilimia 1.

Jana usiku nilikaa naye chumbani nikaona anavyoitumia, na tangu hapo sijapata usingizi. Anaanza kwa kukanda magoti na kitambaa cha maji ya moto. Goti likishapata moto anaminya jeli, anachua kwa nguvu kama anayekanda unga wa chapati, kisha anavisha mfuko wa nailoni wa mkate na juu yake anafunga kipande cha kanga. Anasema joto likibaki ndani, dawa inafika hadi kwenye mfupa. Tyubu ya gramu 30 haimfikishi siku ya tatu. Leo asubuhi alipofungua nailoni nikaona vipele vidogo vidogo vimezunguka goti lote, kama vile vya joto vinavyowatoka watoto wachanga.

Kuna na jingine. Mama ana presha, kila asubuhi anameza losatani iliyochanganywa na dawa ya kukojoza. Kwenye kikapu chake nikakuta pia vidonge vya diklofenaki vya miligramu 50. Aliuziwa kwenye duka la dawa miezi miwili iliyopita alipolalamika kwamba jeli inachelewa kufanya kazi. Anameza viwili kwa siku. Nikamuuliza kama walitaka kujua ana ugonjwa gani mwingine, akasema hapana, walimpa tu na bei ilikuwa nafuu.

Na miguu imevimba. Nikibonyeza juu kidogo ya kifundo, kidole kinaacha shimo.

Je, jeli ndiyo inamvimbisha? Anapaka nyingi mno? Aache vyote? Naombeni msaada wenu, huyu ndiye mzazi niliyebaki naye.

Kiungo Mkabaji

Pole mkuu. Ila usiogope sana, jeli ni dawa ya nje tu, inaishia kwenye ngozi. Sisi wacheza mpira tunapaka, tunafunga nailoni, tunaingia uwanjani, na maumivu yanakata vizuri tu. Bibi yangu naye anafanya hivyo miaka yote. Mimi nadhani miguu ni presha, apimwe.

Mfamasia wa Zamu ya Usiku

Mwana wa Usambara, mpe mama shikamoo yangu. Soma hii yote kabla hamjalala.

La kwanza, na hili lifanyike leo: vidonge vya diklofenaki aviache. Dawa ya presha asiiache. Narudia kwa sababu watu huchanganya, losatani aendelee nayo kama kawaida hadi aonane na daktari.

Figo inahitaji damu iingie kwa msukumo wa kutosha ili ichuje. Diklofenaki, ibuprofeni, aspirini na ndugu zao hubana mishipa midogo inayopeleka damu kwenye figo. Losatani hulegeza mishipa inayoitoa, kwa hiyo msukumo ndani unapungua. Dawa ya kukojoza hupunguza maji mwilini. Kila moja peke yake figo inaivumilia. Zikikutana zote tatu kwa mtu wa miaka 66, figo inaweza kuelemewa bila mgonjwa kusikia maumivu yoyote. Isitoshe, diklofenaki hufanya mwili ushikilie chumvi na maji, miguu ikavimba na presha ikapanda hata kama dawa anameza bila kukosa siku.

Kesho mpeleke hospitali. Apimwe presha, mkojo, na damu kuangalia kreatinini, yaani taka inayochujwa na figo, ikipanda ujue figo zimeelemewa. Beba kikapu chote cha dawa, usiende na maelezo ya mdomo tu. Mkojo ukipungua, akihema kwa shida akilala chali, au choo kikiwa cheusi kama lami, usingoje kesho, mpeleke usiku huohuo.

Kiungo Mkabaji, si kweli kwamba jeli inaishia kwenye ngozi. Ingeishia hapo isingemsaidia mtu. Ikipakwa inavyotakiwa, diklofenaki inayoingia kwenye damu ni kidogo, kama asilimia 6 ya ile ambayo ingeingia kwa vidonge. Ndiyo maana ni salama zaidi kuliko vidonge, na ndiyo maana mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2022 unaitaja kama dawa ya kuanza nayo kwa goti lililosagika. Lakini hesabu hiyo ni ya ngozi iliyo wazi. Ukifunga nailoni na kuongeza joto, ngozi inapitisha dawa zaidi ya ilivyopimwa, na yenyewe inaungua. Vile vipele vya mama ndivyo hivyo.

Sasa kuhusu kiasi. Hapa mama hana kosa, na tafadhali mwambie hivyo, maana naona kama mmeshamgombeza. Kwa jeli ya asilimia 1, goti moja linapata gramu 2 hadi 4 kila mara, mara 3 au 4 kwa siku. Gramu 2 ni mstari wa karibu sentimita 6 kutoka kwenye tyubu, gramu 4 ni kama sentimita 11. Chukua kile kiwango cha chini: gramu 2, magoti mawili, mara tatu. Hiyo ni gramu 12 kwa siku, na tyubu ya gramu 30 inakwisha siku mbili na nusu. Kwa hiyo kuisha haraka si dalili ya kuzidisha, tyubu ndiyo ndogo. Wengi ninaowahudumia wana tatizo kinyume: wanapaka tone la ukubwa wa harage asubuhi moja, jioni wanakuja kusema dawa ni feki.

Na kuchelewa ni kawaida yake. Kwa magoti yaliyosagika inaweza kuchukua hadi siku 7 kabla hajasikia nafuu. Aliyemuuzia vidonge alipaswa kumwambia hilo badala ya kumwongezea dawa ileile kwa njia nyingine.

Kwa sasa asimamishe na jeli pia, hadi ngozi ipone na majibu ya figo yatoke. Daktari akimruhusu kurudia, apake kwenye ngozi kavu isiyo na kidonda wala upele, asambaze taratibu bila kuchua kwa nguvu, anawe mikono kwa sabuni, asubiri dakika 10 kabla ya kufunika kwa nguo na saa moja kabla ya kuoga. Eneo lililopakwa lisipigwe na jua. Kukanda na maji ya moto si vibaya, ila kuwe na saa yake mbali na saa ya jeli. Maumivu yakizidi, parasetamoli ameze kwa kipimo kilichoandikwa.

Kijana wa Likoni

Asalaam aleikum ndugu zangu. Mie niko Mombasa. Naongeza jambo moja: tazameni nyuma ya boksi, sio jina la mbele peke yake.

Mzee wangu alipata damu kuganda mguuni, akawekwa kwenye wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Bega lilipomuuma akaenda kwa kemisti akanunua jeli. Mbele imeandikwa Diclofenac Gel kwa maandishi makubwa. Nyuma, kwa maandishi madogo kama mguu wa sisimizi, kuna vitu vinne: diklofenaki, mafuta ya mbegu za kitani, menthol, na methyl salicylate. Akapaka bega zima na mgongo, asubuhi na jioni, muda wa wiki mbili. Siku hiyo anapiga mswaki nikaona sinki jekundu, fizi zinatoka damu hazikomi. Kupimwa, damu ilikuwa nyepesi kupita kiasi. Daktari alituonyesha kidole kwenye lile neno la mwisho akasema huyu ni binamu ya aspirini, anapita kwenye ngozi na anaongeza nguvu ya wafarini.

Alipona, alhamdulillahi. Lakini tangu siku hiyo sinunui dawa ya kuchua bila kusoma ubavu wa boksi.

Mfamasia wa Zamu ya Usiku

Ahsante sana Kijana wa Likoni. Jeli nyingi zinazouzwa huku kwetu zimechanganywa hivyohivyo, na menthol ndiyo inayoleta ule ubaridi. Hizi ndizo hatari zaidi chini ya nailoni au chupa ya maji ya moto. Mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu watu walioungua ngozi, wengine hadi malengelenge, kwa dawa za kuchua zenye menthol na methyl salicylate. Mwana wa Usambara, hebu soma ya mama imeandikwa nini.

Mwana wa Usambara

Nimesoma kwa tochi ya simu. Diklofenaki, menthol asilimia 5, methyl salicylate asilimia 10. Hospitali waliandika diklofenaki peke yake. Hii ni ile aliyonunua mwenyewe baadaye.

Mama Wawili

Samahani kuingilia. Nina ujauzito wa miezi saba, kiuno kinaniuma sana na mume wangu ana jeli ya diklofenaki. Naweza kupaka kidogo?

Nesi wa Kliniki ya Mama

Hapana mdogo wangu, hata kidogo usipake. Kuanzia wiki ya 28 hairuhusiwi kabisa, na kuanzia wiki ya 20 haitakiwi kuguswa bila daktari. Dawa za jamii hii zinaweza kubana mshipa karibu na moyo wa mtoto ambao unatakiwa ubaki wazi hadi azaliwe, na zinaweza kupunguza maji yanayomzunguka. Lala ubavu wa kushoto na mto katikati ya magoti, kandwa kwa maji ya uvuguvugu, na parasetamoli ukishauriana na kliniki yako. Kiuno kikikaza na kuachia kama mawimbi, usikae nyumbani, njoo tukuone. Na ukishajifungua, usipake sehemu za matiti wakati unanyonyesha.

Mwana wa Usambara, mimi nakuongezea jambo ambalo halinunuliwi. Goti lililosagika linabebwa na msuli wa paja. Mama akae kwenye kiti, anyooshe mguu mmoja mbele hadi paja likaze, ahesabu hadi tano, aushushe polepole. Mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Wiki za mwanzo ataona kama unamsumbua. Kaa naye ufanye pamoja naye, usimwamuru ukiwa umesimama mlangoni. Na kwenye mteremko ashike fimbo kwa mkono ulio upande wa pili wa goti bovu zaidi.

Dereva wa Boda

Mimi niliteguka kifundo wiki iliyopita, pikipiki iliniangukia. Kumevimba na kuna mchubuko kidogo. Nipake wapi?

Mfamasia wa Zamu ya Usiku

Zunguka mchubuko, usipake juu yake. Kama huwezi kukanyaga hata hatua nne, nenda kapige picha kwanza. Kwa kuteguka jeli hii inafanya kazi vizuri kuliko kwa magoti ya wazee: majaribio yalipojumlishwa, karibu watu 8 kati ya 10 walipata nafuu kubwa ndani ya wiki moja, wakati kwa jeli isiyo na dawa walikuwa 2. Kwa maumivu ya muda mrefu ya goti tofauti ni ndogo, kama 6 kati ya 10 dhidi ya 5. Tumia wiki moja, mbili zikizidi. Una pumu? Aspirini iliwahi kukubana kifua au kukutoa vipele?

Dereva wa Boda

Pumu sina. Kukanyaga nakanyaga. Ahsante.

Kiungo Mkabaji

Nimesoma yote. Mfamasia, nimekuelewa, na nailoni nimeacha leo. Bibi yangu naye yuko kwenye dawa za presha, nimempigia simu shangazi aangalie kikapu chake.

Mwana wa Usambara

Wakuu, narudi na mrejesho, leo ni siku ya kumi na nane.

Tulikwenda hospitali asubuhi iliyofuata. Presha ilikuwa 168 kwa 96, na kreatinini imepanda. Daktari alikuwa mpole, alimwaga kikapu chote mezani akatenga dawa moja moja, na alipoona vidonge vya diklofenaki akaviweka pembeni kabla sijafungua mdomo. Akasema tumewahi. Alisimamisha vidonge na jeli yote, akaiacha losatani.

Siku ya nne shimo la kidole lilianza kuwa dogo. Siku ya tisa mama alivaa viatu vyake vya kanisani ambavyo alikuwa ameviweka chini ya kitanda akidhani vimesinyaa. Baadaye tulirudia vipimo, kreatinini ilikuwa imeshuka ikarudi mahali pake na presha ilikuwa 138 kwa 84. Ameruhusiwa jeli ya diklofenaki peke yake, isiyo na menthol, gramu 2 kila goti mara tatu, na arudi baada ya wiki tatu.

Kigumu kilikuwa nailoni. Aliniambia, "Mwanangu, dawa isiyochoma nitajuaje kama inafanya kazi?" Sikubishana naye. Nilimwomba ajaribu siku saba, na kila jioni nahesabu naye ngazi ngapi za pale kwa jirani anashuka bila kushika ukuta. Jana zilikuwa tano.

Mazoezi ya paja tunafanya wote wawili kabla ya chai. Nesi, mguu wa kulia anafika kumi, wa kushoto anaishia sita anatetemeka. Aendelee kulazimisha hadi kumi au apumzike hapo?

Nesi wa Kliniki ya Mama

Apumzike hapo sita, kesho kutwa ajaribu saba. Kutetemeka si kubaya, maumivu makali ndani ya goti ndiyo ya kusimamisha. Msalimie sana.