Mrejesho: treni ya asubuhi inayochelewa na kujaa

Habari zenu wakuu. Niliuliza nifanyeje na treni ya kwenda mjini asubuhi, maana inachelewa, inajaa hadi kupumua ni shida, na kazini nafika nimeshachoka. Asanteni sana mlionijibu.

Ushauri ulionifaa zaidi ni kuiacha treni iliyochelewa na kungoja inayofuata. Mmoja wenu alieleza vizuri: treni ikichelewa, watu wanazidi kurundikana vituoni, kupanda na kushuka kunakula muda, basi inazidi kuchelewa. Ya nyuma yake inakuta watu wachache. Nimejionea: ya kwanza mlango unagoma kufunga kwa sababu ya begi la mtu, ya pili inaingia viti viko wazi. Behewa la mwisho nalo lina nafasi, kwani wengi husimama karibu na ngazi.

Kinachoniuma bado ni ukimya. Tunasimama katikati ya njia, vipaza sauti vipo juu ya vichwa vyetu, hakuna anayesema neno. Abiria akiambiwa kuna hitilafu, angalau anapiga simu kazini. Hilo nimewaandikia wahusika, sijajibiwa. Wakijibu nitawaambia.